Miti Iliyokufa Nayo Ihesabiwe

Kandokando ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, miembe mikongwe bado inatoa kivuli. Mwembe asili yake ni Asia ya Kusini, na wapo wanaoutaja kama ushahidi kwamba mti wa mbali ukipandwa Unyamwezi, eneo la Tabora, hushika. Ushahidi huo una pengo. Tunachokiona ni miti iliyopona. Miche iliyokaushwa na kiangazi haikuacha alama. Hoja yangu ni kwamba kosa hilohilo hutunyemelea tunapolinganisha migunga iliyotokana na mbegu za asili mbalimbali, na kwa mkulima wa Tabora lina gharama kubwa.

Tumbaku ya Tabora hukaushwa kwa moto wa kuni ndani ya mabani, yaani majengo ya kukaushia, na kuni hizo kwa miaka mingi zimetoka kwenye misitu ya miombo. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha Tumbi, Tabora, wakishirikiana na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, walijaribu migunga ya Australia, hasa Acacia crassicarpa, ambayo huvumilia udongo wa kichanga wenye tindikali. Ilipandwa pamoja na mahindi miaka ya mwanzo, kisha ikaachwa ikue hadi kuvunwa. Lakini jina hilo moja linabeba miti ya Papua New Guinea na ya Queensland, iliyozoea mvua tofauti. Katika majaribio mengi ya Asia, mbegu za Papua New Guinea ndizo zilizoongoza kwa kukua. Tabora mvua hunyesha takribani Novemba hadi Aprili, kisha mche hukaa miezi bila tone. Mche huo huanza na majani madogo kama ya mgunga wetu. Baadaye vikonyo hupanuka na kuwa bapa, vikafanya kazi ya jani. Anayeupima urefu wakati wa masika hajajua bado utafikaje Oktoba.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Hekta moja, kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, hubeba miche 625. Asili ya kwanza ikibakiza asilimia 90, ni miti kama 562. Ya pili ikibakiza 60, ni 375. Tukipima wastani wa unene wa shina, ya pili inaweza kushinda, kwa sababu kila mti uliobaki umerithi maji na mwanga wa jirani aliyekufa. Kipimo cha haki ni kuni kwa hekta nzima, pamoja na mapengo yake.

Wapo watakaosema mapengo hujaziwa. Hujaziwa, ila mche wa kujazia, uliopandwa mwaka wa pili, hukulia chini ya wenzake, mizizi yao ikiwa imeshatangulia. Mti wa Kiafrika, Faidherbia albida, unafundisha zaidi: mbegu za kusini mwa Afrika, zikipelekwa Sahel, hufa kwa wingi kuliko zile za huko, ambazo miche yake huwahi kushusha mzizi kwenye maji ya chini. Nguvu isiyoonekana juu ya ardhi ndiyo iliyoamua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Tabora tayari ina migunga hii, kwa hiyo tuchume mbegu hapahapa. Nakubali, kwa sharti. Mbegu zikichumwa kwenye miti miwili mitatu iliyo karibu na njia, kizazi kijacho kitakuwa cha ndugu waliozaana, na udhaifu wake utadhaniwa ni athari ya hali mbaya ya hewa au udongo. Zichumwe kwenye miti 25 hadi 30 iliyoachana, katika viwanja ambavyo idadi ya miti iliyokufa iliandikwa, na mfuko wa mbegu ubebe jina la mahali wazazi wa mbegu hizo walikotoka.