Kabla ya Kununua Shamba katika Nchi ya Ugogo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Sisi makarani tuna ugonjwa mmoja: tukiona karatasi yenye mhuri twadhani kazi imekwisha. Mwenzetu mmoja alitoa kiinua mgongo chake chote, akanunua shamba mwezi wa Septemba. Ardhi ilikuwa tambarare, nyeusi, kavu. Karatasi nayo ilikuwa na mihuri miwili. Januari alikuta maji yamesimama toka mpaka hata mpaka. Alikuwa amenunua mbuga.

Basi twawaomba mwitazame ardhi mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Huku kwetu mvua huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili. Ni chache, lakini ikija huja kwa nguvu na kuchimba makorongo. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa katika jua, ukilowa huvimba, na kuta za nyumba hazivumilii mchezo huo. Onjeni maji ya kisima kilicho jirani, maana visima vingi vya Ugogo vina chumvi. Waulizeni wachungaji ng'ombe wao hupita wapi kwenda kunywa. Njia ya ng'ombe haihamishwi kwa uzio.

Karatasi ije baadaye. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mji umekuwa ukimeza mashamba. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa 2017, na tangu 2018 Dodoma ni Jiji. Kwa hiyo hapana budi kuuliza: ardhi hii ingali ya kijiji, ama imeingia katika michoro ya Jiji? Ikiwa ya Jiji, jibu liko katika ofisi ya ardhi, si kwa dalali. Ikiwa ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti peke yake si Halmashauri, hata akiwa na mhuri mfukoni. Ombeni muhtasari wa kikao. Tembeeni mpakani pamoja na majirani wote, na mke wa muuzaji aseme kwa kinywa chake kwamba amekubali.

Mwenzetu tuliyemtaja ameketi kiti cha nyuma. Amekubali kumwonyesha mbuga yake kila atakaye, ila aje na viatu vya mvua.