Kuzilinda Mashine za Boti na Maji ya Chumvi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Twajua ya kuwa wengi wenu ni makarani, na huenda mtu akauliza, karani ana shauri gani na mashine ya boti? Jawabu letu ni hili: mashine hizi zifungwazo nyuma, kwenye tezi ya boti, zina maadui wawili. Wa kwanza ni maji ya chumvi, na wa pili ni kalamu.

Kwa watu wa visiwani na wa delta ya Rufiji, boti ndiyo barabara. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hupita humo, na dawa, na mwalimu na vitabu vyake. Mashine ikizima katikati ya mkondo, hasara si ya fedha peke yake.

Basi tuanze na adui wa kwanza. Katika kila lita ya maji ya bahari mna chumvi yapata gramu 35. Mashine hujipoza kwa kuyavuta maji hayo na kuyapitisha katika njia nyembamba zilizo ndani yake. Ikizimwa, maji hukauka na chumvi hubaki. Siku baada ya siku chumvi huongezeka hata njia zikaziba, na mashine ikaungua kwa joto. Kwa nje yang'aa, kwa ndani imekwisha kuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena, mwili wa mashine ni wa alumini, na baadhi ya viungo vyake ni vya chuma cha pua. Madini mbalimbali yakigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao, na yaliyo dhaifu huliwa. Ndipo alumini hutoa unga mweupe na kufanya mashimo. Mwaka 1824 mtaalamu wa Uingereza, Humphry Davy, alionyesha kwamba shaba iliyofunika chini ya manowari haitaliwa ikiwa imefungiwa vipande vya zinki au vya chuma, kwa maana hivyo huliwa badala yake. Kwa sababu iyo hiyo mashine za leo zina kipande cha zinki, au cha alumini ya namna maalumu, chini karibu na rafadha. Wengine hukidhani ni pambo wakakipaka rangi. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa kikipakwa rangi hakifanyi kazi tena. Kimewekwa kiliwe ili mashine isalimike. Kikisha kuliwa nusu, na kibadilishwe. Vipande vya magnesi ni vya maji matamu, basi mashine itokayo ziwani ibadilishiwe kabla ya kuingia baharini. Wala rangi yenye shaba, ipakwayo chini ya vyombo ili magugu ya bahari yasiote, isipakwe juu ya alumini.

Kazi ya kila siku si ngumu. Kwanza, mashine irudipo itiwe katika pipa la maji matamu, maji yakipita juu ya matundu ya kuvutia, rafadha ikiwa imeondolewa. Iungurume polepole, bila gea, kwa dakika 10 hata 15, ili ipate joto na njia zote za maji zifunguke. Isiwashwe kabisa pasipo maji, maana mpira wa pampu huharibika upesi. Pili, isimamishwe wima hata maji yote yatoke. Tatu, boti ikilala majini, mashine iinuliwe isiguse bahari. Nne, shafti ya rafadha ipakwe grisi isiyoyeyushwa na maji. Tano, mafuta ya gea yatazamwe: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia.

Twajua mtasema, maji matamu yatoke wapi, na visima vyetu vina chumvi, na akina mama huyabeba maji kichwani? Neno hilo ni la haki. Hatusemi mashine inywe kabla ya watoto. Twasema mvua ya paa ikingwe katika mapipa, na maji ya jana yatumike kwa suuza ya kwanza ya leo, yaliyo safi yatumike mwisho.

Sasa kalamu. Katika kituo kimoja cha pwani tuliletewa hati ya kuomba kipande cha zinki. Ilirudishwa mara mbili, kwa sababu kitu hicho hakikuwamo katika orodha ya vipuri. Hakuna kanuni iliyovunjwa, na mkono ulioirudisha ni huu wetu. Zinki ilipofika, alumini ilikuwa imekwisha toboka, maji yameingia katika gea, na meno yamesagika. Hati ya kununua mashine mpya ilipita siku ile ile, wala haikurudishwa.

Tangu siku hiyo tumeshika desturi hii, nanyi twawaomba mwifuate. Kila mashine iwe na daftari lake, liandikwe tarehe, saa ilizofanya kazi, jina la aliyeisuuza, na hali ya zinki. Zinki iagizwe wakati ile ya zamani ingali nzima, ili ikae stoo ikingoja. Na hati ndogo ya namna hii ijapo mezani, karani asiione ndogo.

Mabwana na mabibi, nahodha husuuza mashine kwa maji, nasi tuna sehemu yetu ya kuilinda kwa wino. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.