Paulo Naye Alizuiwa Mpakani

Wewe uliyetoka Tororo, wewe wa Marachi uliyekuja kwa miguu, na wewe unayesoma haya nyumbani kwa sababu siku ya sherehe hukuweza kufika, karibu tule Neno.

Fungua Matendo ya Mitume 16, mstari wa 6 hadi wa 10. Soma polepole. Paulo na wenzake wanataka kuhubiri Asia, wanakatazwa. Wanageukia Bithinia, wanazuiwa tena. Na hebu angalia anayewazuia ni nani. Si Shetani, si askari wa mpakani. Ni Roho! Watu wa maombi, wamefunga safari kwa kazi ya Mungu mwenyewe, na njia inafungwa mara mbili.

Sisi wa mpakani hiyo tunaielewa bila kufundishwa. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda wakaitia chini ya utawala wa nchi ambayo leo ni Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta ndugu wa pande mbili. Mwaka 1977 serikali ya Amin ikapiga marufuku makundi 27 ya dini, Wapentekoste wakiwemo, na watu wakaombea majumbani kwa sauti ya chini.

Halafu ikaja Machi 2020. Uganda ikafunga mipaka, isipokuwa kwa mizigo. Kile kituo cha pamoja cha Busia, ambacho marais wawili walikizindua Februari 2018 ili tuvuke haraka, abiria hakuna. Kule Malaba malori yakapanga foleni kilomita kwa kilomita, madereva wakingoja majibu ya vipimo. Makanisa yakafungwa huku na huku. Kenya walipofungua Julai, ni watu 100 na saa moja tu. Uganda walipofungua Septemba, ni watu 70. Ushirika mmoja, hesabu mbili! Siku hizo bawabu alikuwa na kazi kuliko mhubiri.

Sasa nisikilize. Kuna dada yetu, jina nalihifadhi, ameolewa upande wa Kenya. Mama yake alifariki upande wa Tororo katika miezi ile. Siku za kawaida ni safari ya asubuhi na kurudi. Hakuvuka. Alifuata mazishi kwa simu, mtandao ukikatikakatika, jirani akimshikia simu kaburini. Wengine walikuwa wamemwambia apite njia za panya. Wengine wakasema angeomba kwa imani, njia ingepatikana. Na hayo ndiyo aliyobeba zaidi ya mwaka: ningepita, ningefunga, ningekesha.

Wapendwa, tuambiane ukweli. Sisi tumezoea kukemea. Mlima, ng'oka! Na mingine imeng'oka, tumeona kwa macho. Lakini mwamba wa Tororo si uko palepale? Na hakuna anayesema watu wa Tororo hawana imani. Walijenga mji pembeni yake, wakaendelea na maisha.

Ingekuwa rahisi kumwambia dada huyu kwamba Mungu alifunga Bithinia ili afungue Makedonia. Mimi sikumwambia. Makedonia yake iko wapi? Mama amezikwa. Tulifungua 2 Samweli 12. Daudi siku saba amelala chini, hali chakula, anamlilia Mungu kwa ajili ya mtoto. Mtoto anakufa. Watumishi wanaogopa hata kumwambia. Kumbe yeye anainuka, anaoga, anajipaka mafuta, anaingia nyumbani mwa Bwana, kisha anaomba chakula!

Angalia hapo. Mtoto alipokuwa hai, Daudi hakukaa tu akisema liwalo na liwe. Aliomba kwa nguvu zote. Hiyo ilikuwa kazi yake. Lakini mtoto alipokufa, hakusema ningefunga siku nane. Dada yetu aliusoma mstari huo mara tatu, akanyamaza, halafu akauliza kama kuna chai.

Mpaka ulipofunguliwa alikwenda. Akapalilia kaburi, akalala siku mbili kwao, akarudi. Kaka zake wawili walikuwa wamemkasirikia, ati alimwacha mama. Aliwaeleza mara moja, hakurudia. Kilichobaki mikononi mwake ni simu, kwa hiyo anapiga kila Jumapili baada ya ibada, wapokee wasipokee. Mkubwa bado hapokei. Mdogo alipokea juzi, wakazungumza habari za mvua na bei ya mahindi.

Na wewe je, ni nini umekishika mpaka vidole vinauma? Mume aliyeondoka? Deni la mtu aliyekwisha kufa? Mtoto aliyekataa wokovu? Usiniambie mimi. Simama hapo ulipo, fungua mikono yako miwili, umtajie Bwana jina lake. Tuombe.