Mzazi Aliyekuja na Hasira Amekuja na Taarifa

Katika semina zetu za afya shuleni, suala la wazazi wasumbufu huwekwa mwisho wa ratiba, watu wameshachoka, na huzungumzwa kama suala la tabia: namna ya kuvumilia, namna ya kutopandisha sauti, wakati gani wa kumwita mtendaji wa kijiji. Ushauri huo una faida yake, lakini unaanza na jibu kabla swali halijaulizwa. Hoja ya mada hii ni kwamba mzazi anayefika shuleni kugomba kesho yake baada ya dawa au chanjo ndiye, kwa mazingira ya shule zetu nyingi, njia karibu pekee tuliyonayo ya kujua kilichompata mtoto baada ya kutoka getini. Muuguzi wa zahanati amesharudi kituoni kwake, mwalimu wa afya ana vipindi vyake, na hakuna anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ametapika. Mzazi ameacha kibarua chake, amepanda bodaboda kwa hela yake, ametuletea taarifa. Kwamba ameileta kwa matusi ni jambo la pili.

Tukio la Morogoro linafaa kukumbukwa hapa, kwa sababu lilianza na dawa ambazo sote tumezigawa. Juni 2008 ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo katika shule za msingi za huko ulikatishwa na ghasia. Watoto walipata maudhi ya dawa, uvumi ukaenea kwamba wapo waliokufa, wazazi wakakimbilia shuleni kuwatoa watoto wao, na polisi wakaingia kati. Ni rahisi kulieleza jambo hilo kwa neno “uvumi” na kulifunga. Lakini uvumi ule ulikuwa na kitu cha kushika. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni kidonge kikubwa na kichungu. Mtoto akikimeza bila kula huumwa tumbo, husikia kizunguzungu, pengine hutapika. Isitoshe, mwenye minyoo mingi ya kichocho mwilini ndiye huumizwa zaidi dawa inapoanza kuiua. Kwa hiyo mtoto aliyehitaji dawa kuliko wenzake wote darasani ndiye anayerudi nyumbani hoi. Mama yake alimwaga asubuhi akiwa mzima, na mchana amemkuta amelala sakafuni anajinyonganyonga. Kwa ushahidi alionao, akisema shule imemdhuru mwanawe, hajakosea kufikiri. Amekosa sehemu moja tu ya maelezo, na sehemu hiyo ilikuwa mikononi mwetu tangu siku ambayo maboksi yalishushwa.

Tazama lalamiko jingine ambalo huonekana dogo. Baba anauliza kwa ukali kwa nini mwanawe amepewa vidonge vitatu na mtoto wa jirani, wa darasa lilelile, amepewa viwili. Ukimjibu kwamba ndiyo maelekezo kutoka wilayani, umemthibitishia kwamba hata wewe hujui. Jibu limesimama pale ukutani: ule mti wa kupimia urefu. Dozi ya prazikwanteli inatakiwa ifuate uzito, na kwa kuwa shule hazina mizani ya kutosha, urefu hutumika badala yake. Mtoto wa sentimita 130 huangukia vidonge viwili, wa sentimita 155 huangukia vitatu. Mkaribishe kivulini, mbali na wanafunzi wanaochungulia madirishani. Kama ni mtu mzima kwako, anza na shikamoo hata kama yeye ameanza na kufoka, kwani akiitikia marahaba, sauti haibaki pale ilipokuwa. Mpe kiti. Kisha mwambie: “Baba Asha, niambie ulichokiona, tangu alipofika nyumbani.” Usimkatize. Uliza saa, uliza kama alikula, uliza alichotapika, uliza yuko wapi sasa hivi na hali gani. Andika mbele yake. Halafu ndipo umpeleke kwenye mti wa kupimia na kumwonesha mstari alipofika mwanawe. Maswali haya ndiyo yale ambayo ungemuuliza mgonjwa zahanati. Hakuna ujuzi mpya unaodaiwa hapa, kuna kukubali tu kwamba huyu naye anastahili kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba ninawapamba watu ambao tatizo lao ni uelewa mdogo. Sikubali, na mfano wa majirani zetu unanisaidia. Nchini Kenya, mwaka 2014, walioibua mashaka hadharani juu ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake walikuwa maaskofu wa Kanisa Katoliki, na chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipozinduliwa nchini humo mwaka 2019, madaktari Wakatoliki walijitokeza kuipinga. Unaweza kutofautiana nao, nami natofautiana nao, lakini huwezi kusema hawajasoma. Mashaka hayatokani na ujinga peke yake. Hutokana pia na swali ambalo halikupata mtu wa kulijibu. Na maswali ya wazazi wetu mara nyingi ni mazuri kuliko majibu yetu. Hapa Tanzania chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja, na umri ukashuka hadi miaka 9. Sasa mama ambaye binti yake mkubwa alichomwa mara mbili na mdogo amechomwa mara moja anauliza: mlitudanganya wakati ule, au mnatudanganya sasa? Hilo ni swali la mtu anayefuatilia. Jibu lake lipo, na sehemu yake imetoka nyumbani: utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulilinganisha dozi moja, mbili na tatu, na hata waliopata moja, karibu wote walionekana kuwa na kinga miaka miwili baadaye. Mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilikuwa limeshakubali kwamba dozi moja inaweza kutumika. Najua kauli hiyo ya utafiti wa Mwanza ina makali pande zote mbili, kwani yupo atakayesema watoto wetu walifanywa wa kujaribia. Hata hivyo ni kweli, na mzazi atakayeisikia kwako wewe ataipima tofauti na atakayeisikia kwenye kundi la WhatsApp.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ukiwatangazia wazazi maudhi ya dawa kabla ya siku yenyewe, utawatia hofu na mahudhurio yatashuka. Sibezi. Inawezekana wachache wakawabakiza watoto wao nyumbani siku hiyo. Lakini wanaopiga hesabu hii husahau kuhesabu upande wa pili. Mzazi aliyeambiwa Jumatatu kwamba mtoto anaweza kutapika, na kwamba ale uji kabla ya kuja, akimwona anatapika Jumatano anasema “ndicho walichosema.” Asiyeambiwa anaona ajali. Aliyeogopa na kubaki nyumbani umempoteza kwa dozi moja, ambayo anaweza kuipata zahanati wiki ijayo. Aliyeshtuka anaweza kuondoka na kijiji kizima, kama Morogoro ilivyoonesha. Na jambo la kutangaza mstarini kisha kumwambia mtoto “kawaambie wazazi” lisihesabiwe kuwa ni taarifa. Mtoto wa darasa la tatu hafikishi habari ya kizunguzungu. Anafikisha kwamba kesho kuna dawa, basi.

Kuhusu muda, walimu wa afya wana haki ya kulalamika. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na shule kadhaa, na hakuna posho ya kumsikiliza baba anayefoka. Ninachopendekeza hakihitaji posho: daftari moja kwa kila shule, lenye jina la mtoto, dawa au chanjo, saa, alichopata, aliyetoa taarifa na kilichofanyika. Maudhi yakiwa makubwa, taarifa iende zahanati ijazwe kwenye fomu ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mzazi aone kwa macho yake kwamba maneno yake yameandikwa na yanakwenda mahali.

Kuna kundi moja tunaloliita gumu bila haki hata kidogo. Ni bibi anayekataa. Watoto wengi wanalelewa na bibi zao huku baba akiwa Dar es Salaam na mama kaolewa kwingine. Bibi akisema hapana, mara nyingi hajakataa chanjo. Amekataa kubeba lawama ya jambo ambalo mwenye mtoto hakuulizwa. Kumhutubia juu ya saratani ya mlango wa kizazi ni kupoteza pumzi. Mwombe namba, mpigie baba yake mtoto pale pale, weka sauti kubwa, wazungumze wenyewe.

Baada ya yote haya, wabaya wapo. Kuna mzazi anayempiga mwalimu, na kuna anayemnyima mtoto dawa za kifafa kwa miezi akiamini amerogwa, mtoto akiendelea kuanguka darasani. Hapo hoja yangu ya kusikiliza ina mpaka, na mpaka wenyewe naupima kwa hali ya mtoto, kamwe si kwa ukali wa maneno ya mzazi. Dozi ya kinga iliyokosekana leo inaweza kusubiri mazungumzo ya pili na ya tatu. Kifafa hakisubiri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka matibabu kuwa miongoni mwa wajibu wa mzazi, na ofisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili hiyo. Kosa tunalolifanya mara kwa mara ni kugeuza mpangilio: baba mwenye kelele kuhusu vidonge vya minyoo anatishiwa polisi siku hiyo hiyo, ilhali mama mpole, mwenye adabu, anayeitikia kila tunachosema na asiyempeleka mtoto kliniki, tunamwacha muhula mzima kwa sababu hajatusumbua. Katika majadiliano ningependa washiriki watueleze ni nani kwenye shule zao anayeweka kumbukumbu za watoto wa namna hiyo, na kama mkuu wa shule huziona.