Kutu ya Mabati, Kutu ya Mifupa

Msikilizaji, ukishuka matatu pale Marereni, tazama mabati kabla hujatazama watu. Nyumba haijamaliza miaka mingi, na paa lishakuwa jekundu. Upepo wa bahari na mashamba ya chumvi ya ukanda huu wa Gongoni na Kurawa havina huruma na chuma. Ndiyo maana neno antioksidanti halipaswi kututisha: ni kinga ya kutu. Mwilini nako mna kutu yake, na majani ya mlonge, manjano na chai ya kijani vina vitu vya kuipunguza makali.

Kwa hiyo muuzaji wa mitishamba anayetandaza chupa zake kando ya barabara ya Garsen hasemi uongo mtupu anapousifu mlonge. Ugomvi wangu naye unaanza pale anapoongeza kwamba ukinywa unga wake, zile dawa za hospitali hazitakula mifupa yako.

Dawa anazozisema ni steroidi: prednisoloni, deksamethasoni na jamaa zake. Mwenye pumu kali anazijua, mwenye baridi yabisi pia. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Siku chache tu, akatembea. Mwaka 1950 Hench akapata tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Na Juni 2020, utafiti wa Uingereza ukaonyesha kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa korona. Hii si dawa ya kutukanwa.

Ila mfupa ndio unaolipa deni, tena mapema: kasi kubwa ya kupungua huwa katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Seli zinazojenga mfupa hufa, mafuta hujaa kwenye uboho, na damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hupungua. Mfupa ukikosa damu hufa, kisha hubonyea. Baada ya mlipuko wa SARS, ugonjwa wa mapafu, mwaka 2003, Beijing na Hong Kong zilibaki na watu waliopona mapafu lakini wakichechemea kwa nyonga, kwa sababu ya dozi kubwa za steroidi.

Je, mitishamba ingewakinga? Watafiti wa China na Japani wamejaribu vitamini E na dawa za mimea kwa sungura na panya, na humo vizimbani matokeo yanatia moyo. Lakini sungura si mama wa Marereni, na ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba. Rangi huchelewesha kutu ya bati, haizibui mshipa.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Dawa za viungo zinazouzwa kama mitishamba, zile zinazompoza mgongo mbeba magunia ya chumvi kwa usiku mmoja, zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimechanganywa steroidi kwa siri. Yaani unanunua mitishamba ili uikwepe steroidi, kumbe unameza steroidi. Uso ukianza kuviringika kama mwezi mpevu, usidhani umenawiri.

Wala usikimbilie kutupa vidonge vya daktari, kama walivyofanya baadhi ya waliopanga foleni ya kikombe cha mitishamba cha Babu wa Loliondo, kule Tanzania, mwaka 2011. Ukizitumia steroidi kwa muda, tezi zilizo juu ya figo hulala. Ukiacha ghafla, mwili unaweza kuzimika. Hupunguzwa polepole, kwa maelekezo.

Mlonge upike, ule kwa ugali. Dagaa kula na mifupa yao, jua tunalo bure. Kisha muulize daktari: je, dozi hii haiwezi kupunguzwa, nahitaji kalisiamu na vitamini D, nahitaji dawa ya kulinda mfupa? Na chupa ya yule muuzaji ibebe, mfamasia aione.

Ukiwa kwenye steroidi, kinena kikaanza kuuma ukitembea, usisubiri. Eksirei ya mwanzo yaweza isionyeshe kitu. Picha ya MRI ndiyo huwahi kuuona mfupa unaokufa.