Mkono Usio wa Kulia

Mpunga unapozaa kwenye uwanda wa Ruzizi, watoto hushinda shambani wakifukuza ndege. Kundini hakosekani mmoja anayerusha jiwe kwa kushoto, na huyo ndiye anayekemewa. Si ajabu: hata lugha yetu imeuita ule mwingine mkono wa kulia, wa kulia chakula. Wa kushoto haukupewa kazi.

Randy Johnson aliupa kazi. Mmarekani huyu, mzaliwa wa California mwaka 1963, ana urefu wa mita 2 na sentimita 8. Mchezo wake ulikuwa besiboli: unasimama kama mita 18 kutoka kwa mwenye rungu, unamrushia kijipira kidogo kuliko chungwa, naye ajaribu kukipiga. Cha Johnson kilifika kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ukipepesa jicho, kimekwisha kupita.

Kilipita, ndiyo, lakini wapi? Miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992, yeye ndiye aliyeongoza ligi yake kwa kurusha ovyo na kuwapa wapinzani njia ya bure hadi kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia; 1991 peke yake, mara 152. Halafu mkongwe Nolan Ryan akamwangalia na kumwambia jambo dogo sana: unatua kwa kisigino, tua kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Watu wote walikuwa wakiukodolea macho mkono, kumbe kasoro ilikuwa mguuni! Krismasi ya 1992 baba yake Johnson akafariki. Mwaka uliofuata, akiwa na msiba huo moyoni, Johnson aliwatoa wapigaji 308 walioshindwa kukipiga kijipira chake. Alipostaafu walikuwa 4,875, na hakuna mwenye shoto aliyemfikia. Mwaka 2004, akiwa na miaka 40, wapigaji 27 walisimama mbele yake mchezo mzima, na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza.

Ila wengi wanamkumbuka kwa jambo moja tu. Machi 2001, huko Arizona, njiwa alikatiza mbele ya mpira wake. Yakabaki manyoya. Watoto wetu wa mpungani wangeshangilia, mwenyewe hakucheka.

Siku hizi Johnson ni mpiga picha, kazi aliyoisomea chuo kikuu, na picha alizopiga Afrika zimeonyeshwa katika jumba la kumbukumbu la besiboli, Cooperstown. Nembo yake kwenye kazi hiyo ni ndege aliyekufa.