Kupima Kazi si Kumshuku Mfanyakazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Muthangari



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii niseme machache juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa la wakubwa wa serikali peke yao, yaani mafunzo ya kuchunguza mwendo wa kazi na kupima matunda yake. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami nathubutu kuongeza kwamba hata mali yenye daftari yaweza kupotea, ikiwa daftari lenyewe huandika kilichotoka tu, wala haliandiki kilichopatikana.

Katika ofisi moja niliyoitumikia, mjane mmoja alileta maombi ya malipo ya marehemu mumewe. Maombi yale yalipita meza sita. Kila karani alipoletewa faili alilimaliza siku ile ile, na kila mmoja wetu alisifiwa kwa bidii. Hata hivyo, mama yule alingoja miezi minne. Tulipoifuatia safari ya faili siku kwa siku, tuliona kwamba kazi yenyewe haikuzidi saa mbili. Muda wote uliobaki faili lilikuwa limelala baina ya meza na meza, likingoja tarishi au mhuri. Hapakuwa na mvivu hata mmoja. Ubovu ulikuwa katika njia, si katika watu. Hilo ndilo fundisho la kwanza la elimu hii.

Wala si elimu iliyoanza jana. Karibu nasi, huko Lower Kabete, ilikuwapo Jeanes School tangu mwaka wa 1925, na mwaka wa 1961 pakafunguliwa mahali pale Chuo cha Utawala cha Kenya, ili kuwatayarisha Waafrika kushika kazi za serikali. Kwa sheria ya mwaka wa 2012 chuo hicho kiligeuzwa kuwa Kenya School of Government, na watumishi wa serikali wangali wakifundishwa humo.

Lakini darasa kubwa zaidi lilikuwa mashambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa na Mpango Maalum wa Maendeleo ya Mashambani katika sehemu sita, zikiwamo Mbere, Tetu na Vihiga. Huko Mbere maafisa walizoezwa utaratibu mwepesi. Mara moja kwa mwaka wote waliohusika walikaa pamoja, wakaandika kila hatua ya kila mradi, mwezi wake, na ni nani mwenye wajibu. Kila mwezi ilitolewa taarifa fupi ya yaliyotimia na yaliyokwama, na nakala zikapelekwa wakati mmoja kwa wakubwa na wadogo. Aliyekwamisha kazi hakuwa na pa kujificha. Na aliyekwamishwa hakulaumiwa bure.

Huko Tetu wachunguzi waliuliza: Mabwana shamba huwatembelea nani? Ikaonekana kwamba mara nyingi waliwaendea wakulima waliokwisha kuendelea. Basi wakachaguliwa kwa makusudi wakulima waliobaki nyuma, wakafundishwa siku chache juu ya mahindi ya mbegu bora, na wengi sana wakayapanda. Kumbe hawakuwa wakaidi; hawakuwa wamefikiwa.

Sisemi kwamba yote yalifaulu. Mpango ule ulikwisha kabla ya kuenea nchi nzima, na taarifa zikizidi nazo huwa mzigo. Lakini maswali yake yangali mazuri.

Sasa, wazee wangu, nisiwasemee serikali tu. Taarifa zetu za kila mwaka huonyesha ni shilingi ngapi tulitoa kwa karo na ni watoto wangapi walipewa. Hakuna ukurasa unaoonyesha ni wangapi waliomaliza masomo. Najua mtoto mmoja tuliyemlipia muhula wa kwanza, akarudishwa nyumbani muhula wa pili, akaishia kuosha magari. Katika daftari letu mtoto huyo amehesabiwa kuwa amesaidiwa. Hakuna aliyeiba, wala aliyedanganya. Lakini hakuna aliyeuliza.

Yawezekana mzee atasema kwamba kukaguliwa ni kushukiwa. La hasha. Mchungaji huhesabu mbuzi jioni kwa sababu awapenda, si kwa sababu awashuku.

Kwa hiyo naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila mtoto awe na mwanachama mmoja anayemfuatia. Pili, mwisho wa kila muhula mwanachama huyo alete habari kwa Kamati, hata kwa maneno matano. Tatu, taarifa ya mwakani iandike waliomaliza na walioachia njiani, na sababu zake, bila kuficha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ungali mdogo, na udongo tunao mikononi.